Mlinzi Akishafungua Mlango: Hotuba Kuhusu Violesura vya Kumbukumbu ya Pamoja

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wahandisi wenzangu, nanyi wanafunzi mliofika mapema mkajaza viti vya mbele, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nieleze jinsi mfumo endeshi unavyopaswa kuzipa programu kumbukumbu ya pamoja, yaani eneo moja la kumbukumbu ambalo michakato miwili au zaidi, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, inaliona na kuliandikia kwa wakati mmoja. Nina jambo moja la kusema, na yote yatakayofuata ni kulifafanua. Jambo lenyewe ni hili: katika kumbukumbu ya pamoja, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ni mlinzi ambaye kazi yake inaishia mlangoni.

Tazameni tofauti iliyopo. Programu inaposoma faili kwa njia ya kawaida, kila ombi linapita mikononi mwa kerneli, na kila mara kerneli inapata nafasi ya kukagua, kuhesabu na hata kukataa. Kumbukumbu ya pamoja haiendi hivyo. Kerneli inapanga jedwali la kurasa la kila mchakato, yaani ramani ya kutoka anwani za mchakato kwenda kwenye vipande vya kumbukumbu halisi viitwavyo kurasa, ili anwani fulani zielekee kwenye kurasa zilezile, halafu inaondoka. Kuanzia hapo, kuandika ni agizo la kawaida la prosesa. Kerneli haioni aliyeandika, haijui alichoandika, wala haiwezi kumwambia msomaji asubiri. Lolote ambalo halikuamuliwa mlangoni, ndani hakuna wa kuliamua.

Kwa nini basi tunaihitaji? Tufanye hesabu ndogo. Picha ya skrini yenye nukta 3,840 kwa 2,160, kila nukta ikichukua baiti 4, ni baiti 33,177,600. Ikibadilika mara 60 kwa sekunde, tunapata karibu gigabaiti 2 kila sekunde. Tukiipitisha kwenye bomba la mfumo endeshi wa Unix, yaani njia ya kupeleka data kutoka mchakato mmoja hadi mwingine, kila baiti inanakiliwa mara mbili, kwanza kutoka kwa mwandishi kwenda kwenye kerneli, kisha kutoka kwenye kerneli kwenda kwa msomaji, na hivyo tunafikia karibu gigabaiti 4 za kunakili kila sekunde kabla hata nukta moja haijachorwa. Katika kumbukumbu ya pamoja, unakili huo haupo kabisa. Faida ni kubwa mno kuiacha, na ndiyo maana hatuna budi kuujenga mlango vizuri.

Unix haikuzaliwa na mlango huu. Ilizaliwa na michakato iliyotengana, kila mmoja na kumbukumbu yake, ikizungumza kwa faili na baadaye kwa mabomba. Kumbukumbu ya pamoja iliongezwa ndani ya Bell Labs, katika tawi la Unix lililokuzwa Columbus, ikawafikia watu wengi kupitia toleo la Unix liitwalo System V mwaka 1983. Mwaka huohuo, miongozo ya 4.2BSD, tawi jingine la Unix, ilieleza wito mwingine, yaani ombi kwa kerneli, uitwao mmap, wa kuunganisha faili na kumbukumbu ya mchakato, lakini toleo hilo lilitoka bila wito wenyewe kutekelezwa, na tulisubiri hadi SunOS 4.0, Unix ya kampuni ya Sun, ya mwaka 1988 kuuona ukifanya kazi. Kwa hiyo tuna koo mbili za violesura, yaani njia ambazo programu huombea huduma kutoka kwa mfumo, na kwa sehemu kubwa nitakayosema leo yanatokana na tofauti zao.

Swali la kwanza la mlangoni: unaingia kwa jina gani?

Katika kiolesura cha System V, kipande cha kumbukumbu kinatambulishwa kwa ufunguo ambao ni nambari tu, na nambari hiyo ni ya mashine nzima. Programu mbili zisizojuana zitakubalianaje nambari? Jibu lililotolewa ni ftok, ambayo hupewa njia ya faili iliyopo pamoja na nambari ndogo, ikatengeneza ufunguo. Katika maktaba ya C ya GNU, inachukua biti 16 za chini za nambari ya inodi ya faili (inodi ni rekodi ya faili kwenye diski, iliyo tofauti na jina lake), biti 8 za nambari ya kifaa, na biti 8 za ile nambari ndogo, ikaziunganisha. Biti 16 ni uwezekano 65,536 tu, ilhali diski ya leo ina inodi mamilioni. Faili mbili tofauti zinaweza kabisa kuzaa ufunguo mmoja.

Lakini mimi sikuumizwa na kugongana kwa funguo. Niliumizwa na kinyume chake, na naomba niwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusaidia mfumo uliokuwa na programu mbili. Moja ilipokea vipimo kutoka kwenye vihisio na kuviandika kwenye kumbukumbu ya pamoja, nyingine ilivisoma na kuvionyesha. Usiku lilifanyika sasisho dogo. Asubuhi, skrini ilikuwa na namba, nazo zilikuwa namba za kuaminika, ila hazikubadilika. Kumbukumbu za matukio hazikuwa na hitilafu hata moja. Mwandishi alisema anaandika, na kweli alikuwa anaandika. Msomaji alisema anasoma, na kweli alikuwa anasoma. Tulipoteza saa nyingi tukikagua vihisio, nyaya na mtandao, mpaka nilipoandika amri ya ipcs -m. Nilitarajia kuona mstari mmoja. Nikaona miwili, yenye ukubwa uleule wa baiti, mmiliki yuleyule, ruhusa zilezile. Kwenye safu ya nattch, inayoonyesha ni michakato mingapi imejiunga na kipande, nilitarajia 2. Mstari wa kwanza ulikuwa na 1, na wa pili ulikuwa na 1.

Nini kilikuwa kimetokea? Sasisho liliandika upya faili ya usanidi kwa njia ambayo sote tunafundishwa kuwa ni salama: andika faili mpya pembeni, kisha libadilishe jina lichukue nafasi ya la zamani. Njia ya faili ilibaki ileile, lakini inodi ikawa nyingine, na ftok ikatoa ufunguo mwingine. Mwandishi alikuwa amewashwa upya, msomaji hakuwashwa. Mwandishi akaomba kipande kwa ufunguo mpya, na kwa kuwa ombi lake lilisema kipande kiundwe iwapo hakipo, kerneli ikamuundia kipande kipya, kisafi, chenye sifuri tupu, bila kumwambia mtu yeyote kitu.

Ndugu zangu, kosa hapo ni la nani? La aliyeandika programu? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini mimi nasema kosa kubwa zaidi ni la kiolesura kilichofanya kutafuta na kuunda kuwe tendo moja. Anayetafuta kitu kilichopo anataka aambiwe kama hakipo. Anayeunda kitu kipya anataka aambiwe kama kipo tayari. Ni watu wawili wenye hofu mbili tofauti, na kiolesura kinachowapa wito mmoja usiowatofautisha kinawaficha wote wawili habari wanayoihitaji. Bendera ya kutenganisha ipo, IPC_EXCL, lakini ni ya hiari, na jambo la hiari husahauliwa siku ya haraka.

POSIX ya mwaka 1993, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, ilileta shm_open, ambayo jina lake ni maneno yanayosomeka badala ya nambari. Hayo ni maendeleo, nami siyadharau. Hata hivyo jina bado ni la mashine nzima, na jina la wote linaweza kukaliwa na yeyote atakayewahi. Windows nayo ina hali hiyohiyo: ukiomba kuunda eneo lenye jina lililokwisha kuchukuliwa, wito unafaulu na kukupa eneo la aliyekutangulia, na usipouliza msimbo wa hitilafu hutajua kwamba umeingia nyumba ya mtu mwingine.

Suluhisho ninalolitetea ni kuondoa jina. Mwaka 2014, Linux 3.17 ilileta memfd_create, inayotoa kumbukumbu ikiwa kama kishikio cha faili, yaani nambari ambayo mchakato hutumia kurejelea faili lililofunguliwa, kisicho na mahali popote kwenye mti wa faili. Jina unalolipa ni la kukusaidia kutafuta hitilafu tu, na maeneo mawili yanaweza kuwa na jina moja bila kugongana. Ukitaka mwenzako aingie, unampa kishikio mkononi kupitia soketi ya Unix, njia ya mawasiliano kati ya michakato ya mashine moja. Hakuna anayeweza kubahatisha, hakuna wa kuwahi. Aliyepewa anacho, na asiyepewa hana pa kukitafutia.

Swali la pili: nani atazima taa?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kipande cha System V hakifi pamoja na mchakato uliokiunda. Kinabaki hadi mtu akiondoe kwa makusudi au mashine iwashwe upya. Programu ikianguka mara kumi na kila mara ikaunda kipande kipya, vipande kumi vitabaki, vyenye nattch 0, vikishikilia kumbukumbu isiyotumiwa na yeyote. Kerneli haithubutu kuvifuta, kwa sababu kiolesura kiliahidi kwamba vitaishi. Vitu vya shm_open navyo vina tabia hiyohiyo hadi viondolewe kwa shm_unlink. Kwenye Linux mnaweza kuviona kama faili ndani ya /dev/shm, na nawasihi mkaangalie seva zenu leo jioni.

Mtu atasema kwamba programu nzuri hujisafisha inapoondoka. Je, mchakato uliouawa ghafla hupata nafasi ya kuaga? Haupati. Kerneli ikiuua kwa kukosa kumbukumbu, hakuna mstari wa usafi utakaotekelezwa. Shahidi pekee anayekuwapo kila mchakato unapokufa ni kerneli yenyewe. Kwa hiyo daftari la wanaotumia lazima liwe kwake, na kishikio cha faili kinafanya hivyo hasa: kila nakala na kila uungaji unahesabiwa, na hesabu ikifika sifuri, kurasa zinarudishwa.

Hapa nataka nitende haki kwa kiolesura cha zamani, kwa sababu kuna hadithi inayonizuia kukilaani chote.

Kwa miaka mingi, hifadhidata ya PostgreSQL iliweka kumbukumbu yake yote ya pamoja katika kipande cha System V. Linux kwa kawaida iliruhusu kipande kimoja kisizidi megabaiti 32, kiwango kilichodumu hadi toleo la 3.16 la mwaka 2014 lilipokiinua. Kila aliyesimamia hifadhidata hiyo alijifunza kwanza kubadilisha kigezo cha kerneli kabla hajajifunza kuandika swali lake la kwanza lenye maana. Mwaka 2013, katika toleo la 9.3, watengenezaji wakahamia kwenye mmap, na taabu hiyo ikaisha. Lakini hawakuhama chote. Walibakiza kipande kimoja kidogo sana cha System V, cha baiti chache tu. Kwa nini?

Kwa sababu ya nattch. Fahali wawili hawakai zizi moja, na seva mbili za hifadhidata zikiandikia saraka moja ya data zitaiharibu kabisa. Faili ya kufuli yenye nambari ya mchakato haitoshi, kwani mchakato mkuu unaweza kufa huku watoto wake wakiendelea kuandika, na nambari ya mchakato inaweza kupewa mchakato mwingine. Kipande kile kidogo kinajibu swali ambalo hakuna kingine kinacholijibu vizuri: je, kuna yeyote aliye hai ambaye bado amejiunga na hifadhidata hii? Seva mpya inasoma nattch, na ikiwa si sifuri, inakataa kuanza.

Fikirini hapo. Kerneli inajua idadi hiyo katika violesura vyote, kwa sababu bila kuhesabu haiwezi kurudisha kurasa. Lakini ni kile cha zamani tu kinachomruhusu mtumiaji aiulize moja kwa moja. Wabunifu wa kile kipya walipoondoa uchafu waliondoa pamoja nao habari iliyokuwa ya thamani, na nina hakika hawakukusudia. Anayebuni kiolesura kipya anapaswa kukaa na watumiaji wa kile cha zamani na kuwauliza wanakitumiaje kwa mambo ambayo hakikukusudiwa.

Swali la tatu ndilo linaloninyima usingizi: je, unamwamini uliyemfungulia?

Violesura hivi vilipoanza, wanaoshirikiana walikuwa programu za mtu mmoja, zilizoandikwa na kikundi kimoja. Leo hali ni nyingine. Kivinjari kinashirikiana kumbukumbu na mchakato unaoendesha msimbo wa mtu asiyejulikana. Seva ya maonyesho, yaani programu inayopanga madirisha kwenye skrini, inapokea picha kutoka kwa programu yoyote iliyosakinishwa. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya nyingine, inashirikiana kurasa na mwenyeji wake.

Chukueni mfano wa Wayland, itifaki ya mawasiliano kati ya programu na seva ya maonyesho kwenye Linux. Programu inatengeneza kumbukumbu, inachora dirisha lake ndani yake, kisha inaikabidhi seva ya maonyesho kishikio. Seva inaunganisha kumbukumbu hiyo na kuanza kuisoma. Sasa programu, kwa ubaya au kwa kosa, inalipunguza faili hadi baiti sifuri. Seva inagusa ukurasa ambao haupo tena, na kerneli inaipelekea ishara ya SIGBUS, ambayo kwa kawaida huua mchakato unaoipokea. Programu moja mbovu imezima skrini nzima na kila dirisha lililokuwamo. Ili kujikinga, maktaba ya seva ya Wayland ilibidi iwe na utaratibu wa kuinasa ishara hiyo, kuweka kurasa za sifuri mahali palipobomoka, kisha kumshtaki mteja. Utaratibu unafanya kazi, lakini ni kama kujenga ukuta ndani ya nyumba kwa sababu mlango haukuwekewa komeo.

Komeo lilikuja pamoja na memfd_create, nalo ni mihuri. Mwenye kumbukumbu anaweza kupiga muhuri kwamba eneo hili halitapungua, au halitaongezeka, au halitaandikwa tena, na muhuri ukishapigwa hauondolewi na yeyote, hata na aliyeupiga. Anayepokea kishikio anaiuliza kerneli ni mihuri gani iliyopo, na asipouona anaoutaka, anakataa. Uzuri wake ni kwamba hahitaji kumwamini aliyemkabidhi, kwani anayethibitisha ni kerneli, tena mlangoni, kabla ya kuingia.

Na angalieni uangalifu uliomo. Muhuri wa kutoandika unakataliwa ikiwa kuna mchakato ambao tayari umeunganisha eneo hilo kwa ruhusa ya kuandika. Kerneli haitoi ahadi isiyoweza kuilinda. Baadaye, mwaka 2019, Linux 5.1 iliongeza muhuri mwingine kwa ajili ya mahitaji ya Android: aliyekwisha kuunganisha anaendelea kuandika, lakini wanaokuja baadaye wanasoma tu.

Mihuri inalinda ukubwa na ruhusa. Lakini pale ambapo upande mwingine lazima uendelee kuandika, yaliyomo hailindi. Mwezi Desemba 2015, mradi wa Xen, unaotengeneza programu ya kuendesha mashine pepe, ulitoa tangazo la usalama namba 155. Viendeshi vya upande wa mwenyeji vilikuwa vinasoma maombi ya mashine pepe kutoka kwenye kumbukumbu ya pamoja. Msimbo, ukiusoma kwa macho, ulisoma thamani mara moja, ukaikagua, ukaitumia. Lakini kikusanyaji cha lugha ya C, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, kina haki ya kudhani kwamba kumbukumbu ya kawaida haibadilishwi na mtu mwingine, kwa hiyo kiliweza kuisoma thamani hiyo mara mbili: mara moja kwa ukaguzi, mara ya pili kwa matumizi. Kati ya hizo mara mbili, mgeni angeweza kuibadilisha. Ukaguzi ulikuwa sahihi, na haukulinda kitu.

Naomba wanafunzi waliandike hili. Data iliyoko kwenye kumbukumbu ya pamoja na mtu usiyemwamini haikaguliwi mahali ilipo. Inanakiliwa mara moja tu kwenye kumbukumbu yako binafsi, kwa usomaji ambao kikusanyaji hakiruhusiwi kuurudia, kisha nakala ndiyo inayokaguliwa na nakala ndiyo inayotumiwa. Tuliikimbilia kumbukumbu ya pamoja ili tusinakili, najua. Basi nakilini vichwa na urefu, ambavyo ni baiti chache, na mziache zile megabaiti za picha mahali pake, kwa sharti kwamba hakuna uamuzi wa usalama utakaotegemea yaliyomo.

Kuhusu anwani nitapita haraka. Eneo moja linaweza kukaa kwenye anwani tofauti katika kila mchakato, kwa hiyo usihifadhi vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, ndani yake. Hifadhi umbali kutoka mwanzo wa eneo. Ukilazimisha anwani kwa MAP_FIXED, Linux itafuta kimyakimya chochote kilichokuwapo hapo, na tulingoja hadi toleo la 4.17 la mwaka 2018 kupata bendera inayokataa badala ya kufuta.

Ninamalizia na makufuli, yaani njia ya kuhakikisha kwamba ni mmoja tu anayegusa data kwa wakati mmoja. Tangu Linux 2.6, makufuli ya kisasa hukaa ndani ya kumbukumbu ya pamoja yenyewe, na kerneli huitwa pale tu mtu anapolazimika kusubiri. Kasi yake ni nzuri sana. Lakini tumerudi palepale: kerneli haijui nani ameshika kufuli. Mshikaji akifa, wengine watasubiri milele. Mwaka 2006, katika toleo la 2.6.17, Linux ilipata njia. Kila uzi, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya mchakato, unaiachia kerneli orodha ya makufuli unayoyashika, na uzi ukifa, kerneli inaipitia orodha hiyo na kumwamsha anayesubiri. Huyo anapewa kufuli pamoja na jibu la EOWNERDEAD, yaani kufuli ni lako, lakini aliyekutangulia amekufa akiwa amelishika.

Na hapo kerneli inanyamaza, kwa sababu haijui kama marehemu alikuwa amemaliza kuandika au alikuwa katikati ya sentensi. Anayejua ni programu. Ikikagua data na kuirekebisha, inatangaza hivyo kwa pthread_mutex_consistent, na kazi inaendelea. Ikilifungua kufuli bila kutangaza, kufuli hilo halitumiki tena kamwe, na kila atakayelijaribu atapata ENOTRECOVERABLE. Nimewasikia wenzangu wakiuita uamuzi huo ukatili. Mimi natamani yule msomaji wa vipimo angepata jibu kali kama hilo asubuhi ile, badala ya namba za kuaminika zisizobadilika.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nitapokea maswali sasa, na ningependa kuanza na yeyote aliyewahi kurekebisha data iliyoachwa na mchakato uliokufa.